Majibu ya Kisigino

9 Machi

Mpwa wangu,

Ukiona bahasha hii ujue simu yangu imekufa. Ilitumbukia kwenye kopo la gundi, na nilipokuja kuitoa ilikuwa imeshakuwa jiwe. Sasa naizuilia mlango usijifunge, na kusema kweli haijawahi kunifaa kiasi hiki. Kalamu hainipi shida, unanijua. Darasa la tano mwalimu alikuwa akiniita nimwandikie ubaoni, mkono wangu ukimpita wake. Niliacha shule kwa kuwaonea huruma tu. Walikuwa wameishiwa cha kunifundisha, nikawaachia wengine dawati.

Huku tu wazima. Mama yako nilimwona mwezi uliopita. Magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima, alinisema saa nzima bila kunywa maji. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu, bado anapunguza watu nywele na kuwaongezea umbea. Kazi nyingi. Juzi nililetewa kiatu kilichopasuka toka mbele mpaka nyuma, mafundi watatu wamekikataa. Nikakishona huku napiga soga, macho yangu yako kwa wateja muda wote, na mwenyewe alipokivaa akaniuliza kama nimempa kipya.

Mama yako mdogo, Kisigino, hajambo. Najua hupendi jina hilo, lakini babu yako ndiye aliyempa akiwa na miaka mitatu, maana tukitembea sote yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kufika. Kwa fundi viatu hilo si tusi. Anakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, anapaka uzi nta, anapokea viatu na kuvirudisha kwa wenyewe. Unakumbuka sibandiki namba kwenye viatu kama mafundi wengine. Wateja wakistaajabu nawaambia vyote viko kichwani.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jumatatu alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii, mwenye miwani na mkoba wa makaratasi, nikampa jina Mama Fomu. Anasema ofisi yao imepata barua kwamba humu kwangu kuna mtu mzima mwenye ulemavu wa akili asiyeangaliwa inavyotakiwa. Atakuja mwezi ujao kumpima. Ikionekana hawezi kujisimamia watampeleka nyumba ya malezi, ile ya safari ya siku nzima, ambako watu wanalala kwa kengele na kuamka kwa kengele.

Nimemwuliza nani kaandika. Kasema ni siri ya ofisi. Mpwa wangu, wewe unasomea mambo haya haya huko chuoni, nisaidie kufikiri: ni nani anayeweza kunichukia namna hiyo?

Mjomba wako,
fundi ambaye mafundi wenzake humletea viatu vyao

*

30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenifikia baada ya siku kumi na moja, ina harufu ya gundi, nikajua imetoka kwako kabla ya kuifungua. Mimi ni mzima. Bweni limejaa, tunalala wanne chumba cha wawili, na wa kitanda cha juu anajifunza filimbi. Masomo ni mengi lakini nayapenda. Msalimie kinyozi.

Kuhusu huyo afisa, nakuomba usimfanye adui. Jaribu kukumbuka nyumbani tumesema nini juu ya Mama Mdogo miaka yote hii. Bibi alisema ni homa ya utotoni. Mama anasema ni wa Mungu, asisumbuliwe kwa maswali. Wewe ulisema hana tatizo lolote, ni uvivu wa ulimi. Ana miaka thelathini na minane na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza anayejua.

Huku tunafundishwa kutofautisha. Yuko mtu anayeshindwa jambo moja, tuseme kusoma, herufi zinamkimbia, lakini mengine yote yanakwenda. Huo ni ugumu wa kujifunza. Na yuko mtu ambaye kuelewa, kupanga na kujitunza kwenyewe kunamchukua muda mrefu kuliko wengine, na atahitaji mtu wa kumsaidia. Huo ni ulemavu wa akili. Si ugonjwa, na wala si uvivu, Mjomba. Ukijua mtu yuko wapi ndipo unajua umsaidie nini. Kupimwa ni kwa ajili hiyo.

Hukuniandikia chochote kuhusu mkono wake. Nimesikia kwa Mama, naye alisikia kwa kinyozi. Umepona?

Swali lako la mwisho tuliache kwanza.

Mpwa wako

*

22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huyo wa filimbi mwambie ajaribu ngoma, ukichoka unaweza kuitoboa. Mama yako kapata dawa ya kuchua magoti, sasa anatembea hadi kwangu kuja kunisema. Mkono unaendelea vizuri, tuzungumze mengine.

Mama Fomu alikuja Jumanne ya tarehe 9, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefagia karakana, nimepanga viatu mezani, na Kisigino nimemvalisha gauni la kijani. Mama Fomu akakaa mbele yake, akaweka saa juu ya goti, akatoa karatasi ya maswali kumi na mawili. Anauliza. Anangoja kidogo, nadhani anahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Halafu anasema, "Haya, tusonge," na kalamu nyekundu inaweka alama. Muda wote huo Kisigino anamtazama viatu.

Nilipoona alama nyekundu zimefika sita nikaona niokoe jahazi. Nikamwambia Mama Fomu kwamba dada yangu juzi alihesabu mpaka elfu moja, akarudi mpaka moja. Akanitazama juu ya miwani, akamwambia Kisigino, basi nihesabie mpaka kumi tu. Kisigino akaendelea kumtazama viatu. Hapo mpwa wangu nakiri sikumsaidia.

Sifuri kati ya kumi na mbili. Kamati inakaa tarehe 23 Agosti, na nafasi huko nyumba ya malezi imeshatengwa.

Sasa sikiliza. Ijumaa nagonga soli, mara namsikia nyuma yangu anasema, "Jumanne." Nikamwambia leo Ijumaa, dada. Akarudi kwenye uzi wake. Jumatatu tunakula akasema, "Saba." Nikatazama sahani, ziko mbili. Nikapuuza. Jumatano nafagia chini ya meza, ndipo nikaacha fagio nikakalia ndoo. Swali la kwanza la Mama Fomu lilikuwa: leo ni siku gani? Na siku ile ilikuwa Jumanne. La pili: mezani kuna viatu vingapi? Nilikuwa nimepanga jozi nne, lakini kiatu kimoja nilikuwa nimekipakata magotini nakipaka rangi. Saba, mpwa wangu.

Anajibu. Yuko njiani tu.

Mjomba wako, aliyekaa juu ya ndoo

*

15 Mei

Mjomba, shikamoo.

Habari za huko? Nimefurahi kusikia Mama anatembea. Filimbi imevunjika, nasema imevunjika tu, sisemi mengine.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mjomba, wewe ulituambia ulimshonea bibi harusi kiatu huku anatembea kwenda kufungishwa ndoa. Ulituambia mbuzi alikula cheti chako cha shule na toka siku hiyo akawa anatii kengele. Utotoni nilikuwa naamini vyote, nikaenda kuvisimulia, nikachekwa. Sasa unaniambia mtu kaulizwa Jumanne kajibu Ijumaa. Nikuamini kwa lipi?

Nilimsimulia mhadhiri wetu. Hakucheka. Alisema makosa ya kwanza ya wapimaji ni haraka, na kwamba wapo wanaohitaji dakika nzima ambapo mwingine anahitaji kufumba na kufumbua. Lakini siku, wiki? Akasema angependa kuona imeandikwa na mtu mwingine, kwa tarehe.

Na tuseme ni kweli. Mjomba, sufuria ikipinduka haingoji mpaka Ijumaa.

Ndiyo maana niliandika mimi. Ile barua ya ofisi ni yangu. Sikuandika kwa kukuchukia. Mama aliponieleza jinsi mkono ulivyoungua, kutoka kiganja mpaka kiwiko, nilikuwa mezani nasoma sura ya usalama wa watu kama yeye, na kila mstari ulikuwa unasema jambo ambalo sisi hatukumfanyia. Na wewe mpaka leo hujaniandikia hata sentensi moja. Unaniandikia unaendelea vizuri.

Lipo jambo jingine pia. Katika barua zako zote mbili sijaona mahali ulipomwuliza mwenyewe anataka kukaa wapi.

Mpwa wako

*

11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya chuma cha kugongea viatu, nikaigongea siku tisa. Siku ya kumi nikaitoa nikaisoma upya, ikawa bado inasema yale yale.

Mama yako mzima. Kinyozi mzima, na sasa ana kazi mpya, nitafika huko.

Kwanza mkono, maana ndipo ulipo moyo wako. Sufuria ya nta ilikuwa juu ya jiko dogo, karibu na kigoda chake. Kazi ya kuchovya uzi ni yake. Mimi nilikuwa nawasimulia wateja wawili habari za yule bibi harusi, nikainuka kuonyesha alivyokuwa anatembea, nikaupiga mguu wa jiko kwa goti. Nikaona sufuria inakuja. Nikamwambia, "Toa mkono." Nilimwambia kabla haijamwagika, mpwa wangu, nafasi ilikuwepo. Mtu mwingine angeutoa. Yeye alinitazama mdomo. Akautoa baadaye.

Hiyo sikuiandika kwa sababu haina mahali pa kuongezea chumvi. Sasa jiko liko upande wangu, nyuma ya meza, na nta nachemsha mwenyewe. Uliyoandika ofisini yalikuwa kweli. Nilikasirika kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, shahidi. Kabla barua yako haijafika, mwisho wa Aprili, nilikuwa nimeshamwita kinyozi nikamweleza. Akasema ananijua toka tukiwa vijana na haniamini hata nikisema jua limechomoza. Nikamwambia ndiyo maana nakutaka. Basi ana daftari. Mama yako alimwomba Mama Fomu nakala ya maswali, kinyozi kayaandika yote upande wa kushoto, na kulia anaandika jibu likitoka, tarehe, saa, na nani alikuwepo. Kila akimsikia Kisigino anasema neno anakuja mbio na mkasi mkononi. Kuna mteja alikaa na nusu kichwa dakika ishirini.

Tumefika swali la nane. Nakunakilia machache kutoka mkono wake, siyo wangu:

"Swali la tatu: ukipotea njiani utamwuliza nani? Jibu, tarehe 2 Mei: Sipotei." Hapo kinyozi kaandika pembeni kwamba mwaka juzi alipotea siku mbili. Nilipomsomea Kisigino alitikisa kichwa. Nimelifikiria hilo sana. Tulimkuta amekaa mbele ya nyumba ya mteja, kampelekea viatu vyake mwenyewe, mlango umefungwa, anamngoja arudi kutoka safari. Yeye alijua aliko. Waliokuwa hawajui ni sisi.

"Swali la nne: jiwe na yai vina tofauti gani? Jibu, tarehe 9 Mei: Jiwe ukilisahau utalikuta."

"Swali la saba: ukiona moshi unatoka ndani ya nyumba utafanya nini? Jibu, tarehe 30 Mei: Namtoa Kaka." Kaka ni mimi. Kinyozi kaandika hiyo akatoka nje bila kuaga.

Sasa nikuulize mwenye vitabu. Mteja akija kwangu kupimwa mguu, fundi mjinga anampima amekaa. Mguu wa mtu aliyekaa ni mfupi. Akisimama, uzito ukiingia, unanyooka, unapanuka, na kiatu ulichokata kinambana. Mimi hupima mtu amesimama, tena jioni, akiwa ameshautembelea siku nzima. Je, Mama Fomu hakumpima dada yangu amekaa? Mwulize huyo mhadhiri wako, mwambie swali limetoka kwa mtu aliyemaliza vitabu vyote vya darasa la tano.

Na lile la kumwuliza anataka kukaa wapi. Ulinichoma hapo. Nikatazama fomu: swali la kumi na mbili ndilo hilo hilo, unapenda kuishi wapi na nani. Ameshaulizwa, na linakuja kwa foleni yake. Nakuambia ukweli, mpwa, kila akifungua mdomo naacha nyundo. Ile nyumba ya malezi nilikwenda kuiona wiki jana. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuichukia. Ni safi, wana bustani, na kuna mama mmoja pale anafuma vikapu na kucheka peke yake. Kisigino akisema anataka kwenda, nitamwambia nini?

Kuna jambo dogo. Toka tarehe 4 anasema neno ambalo kinyozi hajui alipange wapi. "Nilisikia. Mvua ilikuwa inanyesha." Mara tatu sasa, mara zote akiwa anafunga kamba za viatu. Tumelitafuta kwenye maswali yote kumi na mawili, hakuna swali la mvua. Kinyozi kaliandika ukurasa wa mwisho, chini ya kichwa cha habari: Halina Swali.

Mjomba wako

*

2 Julai

Mjomba wangu, shikamoo.

Salamu nitazitoa mwisho, nisamehe.

Lina swali. Niliuliza mimi.

Nikiwa darasa la sita, siku moja mvua ilinyesha tulipokuwa tunatoka shuleni. Mama Mdogo alikuja peke yake mpaka getini kuniletea mwavuli. Alikuwa ameukunja ameukumbatia, yeye mwenyewe amelowa chapachapa, viatu kavaa vya babu. Wenzangu wakaniuliza yule ni nani. Nikawaambia, "Ni mfanyakazi wetu wa nyumbani." Nilisema kwa sauti, ili waache kumtazama. Akanipa mwavuli. Tukatembea mpaka nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma.

Sikumwambia mtu. Lakini nadhani ndilo lililonileta kwenye masomo haya, kuliko yote niliyoyaandika kwenye fomu ya kuombea chuo. Januari, siku ninaondoka, wewe ulikuwa nje unawaeleza watu jinsi ulivyobeba sanduku langu kwa kidole kimoja. Mama Mdogo aliinama kunifunga kamba za viatu. Nikamwuliza kwa kunong'ona: "Siku ile getini, ulinisikia?" Hakusema kitu. Nikajiambia hakusikia, wala hakumbuki, wala hakuelewa nilichomwuliza. Nilishukuru. Nilipanda gari nikiwa mwepesi.

Kwa hiyo nakuamini, Mjomba. Usingeweza kulitunga hilo.

Siku ya pili nilimpelekea mhadhiri barua yako. Kuhusu mguu uliosimama, aliniomba ruhusa ya kuitumia darasani, nikamwambia mwenyewe atadai jina lake liandikwe ubaoni. Ameiandikia ofisi ya ustawi akiomba wasome daftari kabla ya kamati, na mimi nimeandika ya kwangu: kwamba niliyosema juu ya mkono hayajabadilika, anahitaji mtu karibu na moto na karibu na barabara, sasa na siku zote; lakini niliposema hawezi kueleza anachotaka, nilisema nisichokijua. Mama Fomu atakuja tarehe 20 Agosti.

Wala tusije tukajifurahisha sana. Kinachokaa siku tatu njiani bado kinakaa siku tatu. Hatakuwa mtu wa miujiza, atakuwa Mama Mdogo, na atahitaji tuliyomnyima. Ila nimekuwa nikisoma jinsi ya kupima umbali kati yake na watu wengine, na sijawahi kufikiri kupima ni muda gani tumewahi kumngoja.

Nina ombi. Mwambie siku ile nilisema uongo. Halafu mwulize kwa niaba yangu kama amenisamehe. Usimwongezee maneno.

Salamu kwa wote.

Mpwa wako

*

24 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii itakuwa fupi kwa amri, utaona ya nani.

Mama Fomu alifika tarehe 20. Alisoma daftari lote amesimama mlangoni, miwani ikashuka mpaka puani. Akamhoji kinyozi peke yake, akawahoji wateja wawili. Akauliza namba za viatu ziko wapi. Nikafungua mdomo kumwambia viko kichwani, kama kawaida yangu. Nikaufunga. Nikamwambia viko kichwani mwake yeye pale, kwamba anamjua kila mteja kwa jinsi soli yake inavyolika, na wiki aliyolazwa na mkono niliwapa watu tisa viatu visivyo vyao na mmoja akaondoka na vya kushoto viwili. Miaka miwili nimesifiwa kwa kichwa kisicho changu. Mama Fomu akaandika hayo kwa kalamu ya buluu.

Lakini la kumi na mbili lilikuwa bado. Kumi na moja yamejibiwa, na lile tunalolitaka halijafika, na kamati ni Ijumaa. Akasema hawezi kuandika jibu ambalo halijatoka. Akaacha fomu mezani, akasema ofisi inafungwa saa kumi.

Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Nilikuwa nafanya kazi bila kusema, naogopa nikisema nitalifunika. Wateja wakaniuliza kama nimefiwa. Ijumaa saa nane na nusu, kinyozi yuko hapa na daftari, mama yako yupo, mteja mmoja yupo anajaribu kiatu. Kisigino akaweka uzi chini. Akasema:

"Hapa. Ila Kaka apunguze maneno."

Kinyozi alicheka mpaka akakosa kuandika, mama yako ndiye aliyeandika. Mimi nilikwenda ofisini kwa miguu yangu. Ningeweza kukuambia nilikimbia njia nzima nikazipita pikipiki. Nilikimbia kidogo, nikatembea sana, nikafika saa kumi kasoro dakika nne.

Kamati ilikuwa bado imekaa, wakalisoma papo hapo. Anabaki. Mama Fomu atakuja kila miezi mitatu. Jiko ni langu daima, limeandikwa kwenye karatasi na nimetia sahihi. Na kuna darasa la mchana la watu wazima nyuma ya soko, atakwenda mara mbili kwa wiki, kwa kuwa mwalimu wa pale ameahidi kungoja. Siku hizo nitabandika namba kwenye viatu kama mafundi wengine.

Ombi lako nililitimiza tarehe 19 Julai, siku barua ilipofika. Nilimsomea mstari kwa mstari, nikamwuliza ulivyouliza, sikuongeza neno, na unajua hilo kwangu ni kazi ngumu kuliko kushona. Hakusema kitu. Nilipanga nikuandikie kwamba tunangoja, nifunge bahasha.

Leo asubuhi nimekaa naandika haya, yeye yuko kwenye kigoda anafunga kamba za jozi moja ya mteja. Kasema, "Sasa hainyeshi."

Nimechungulia nje. Jua kali, hakuna hata wingu. Mimi sijui ni jibu la nani, nakuandikia lilivyo.

Mjomba wako